Gia ipi, mshale wapi: kuendesha dizeli yenye turbo kwenye milima ya Mwanza

Swali: Shikamoo kaka. Nimenunua Hilux ya dizeli, 3.0 D-4D, gia za mkono, baada ya miaka mingi ya kuendesha Corolla ya petroli. Nabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga, na siku nyingine navuka Kigongo kwenda Geita. Fundi wangu ananiambia nipandishe gia mapema, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika usivuke 1,500, ili nibane mafuta. Shemeji yangu anasema dizeli inataka kukanyagwa. Nikipanda Isamilo na gia ya tatu gari linatetemeka na kutoa moshi mweusi. Nikipangua hadi ya pili linanguruma, naogopa nitaliumiza. Nimfuate nani? Na kwenye mteremko ni sawa kuweka nyutro? (Msomaji, Nyegezi)

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa gari. Fundi wako na shemeji yako kila mmoja anasema kweli ya gari analolijua yeye, ila hakuna aliyekueleza habari za gari lako. Jibu la haraka ni hili: Isamilo panda na gia ya pili, usiogope kunguruma kwake, na mteremkoni usiweke nyutro hata siku moja. Sababu zake ni ndefu kidogo, na ningependa uzisome zote, maana injini hii ni ya fedha nyingi na mara nyingi huuawa taratibu na mtu anayedhani anaitunza.

Karibu kila anayetoka kwenye petroli huutazama mshale wa mizunguko peke yake. Anauliza: ni ngapi nzuri, 1,500 au 2,500? Swali hilo halijibiki mpaka useme na mguu wako uko wapi. Mshale ukiwa kwenye 1,300 huku mguu umegusa tu pedali ya mafuta, barabara tambarare, gari tupu, injini haina shida yoyote. Mguu ukiwa sakafuni huku mshale uko 2,300, injini haina shida pia, hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa. Balaa hutokea pale mguu unapokuwa sakafuni na mshale uko 1,200. Hicho ndicho kinachokutokea Isamilo kwenye gia ya tatu.

Tuanze na turbo yenyewe. Ni mapanga mawili kwenye mhimili mmoja. La kwanza linasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, la pili linavuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Ikikolea huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Lakini inaishi kwa moshi wa injini yenyewe: injini ikizunguka polepole moshi unaotoka ni mchache, turbo haina cha kuisukuma, na hewa inayoingia ni ile tu ambayo pistoni zinavuta zenyewe. Wakati huo una injini ya lita tatu inayojaribu kufanya kazi iliyopangiwa kwa msaada wa turbo, na msaada haujafika.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Dar es Salaam. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na milima ya mji iko juu ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na pwani. Turbo ikishaamka hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kabla haijaamka hakuna cha kufidia. Ndiyo maana mtu aliyeliendesha gari la aina yako Dar anaweza kukuambia linavuta vizuri tangu chini, wewe ukalipanda hapa ukaliona zito.

Sasa fundi wako. Kama mafundi wengi wa Kanda ya Ziwa, huenda amekulia kwenye Land Cruiser za injini ya 1HZ. Ile ni silinda sita, lita 4.2, haina turbo kabisa. Injini kubwa isiyo na turbo haingoji kitu: nguvu yake iko pale pale tangu mzunguko wa chini, na dereva anaweza kuiacha ivute polepole bila kelele. Ushauri wa kupandisha gia mapema unaifaa kabisa. Ukiupeleka kwenye lita tatu yenye turbo, tena yenye mzigo wa dagaa nyuma, unaiua. Magari ya dizeli yenye turbo si mageni duniani. Mercedes-Benz waliuza 300SD tangu 1978, na wazo la kushindilia hewa kwa nguvu ya moshi lilisajiliwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Lakini mazoea ya uendeshaji tunayorithishana vijiweni mengi ni ya injini za kabla ya turbo.

Tuje kwenye gari lako. Takwimu za kiwanda za 3.0 D-4D ya gia za mkono zinasema nguvu ya kuvuta ni nyutoni mita 343, kuanzia mizunguko 1,400 hadi 3,400. Wengi wakisoma hivyo husema basi 1,400 inatosha. Kuna mambo mawili hawayaoni.

La kwanza, namba hizo hupimwa injini ikiwa imefungwa kwenye mashine, mguu uko sakafuni, mzunguko umeshikiliwa hapo hapo mpaka turbo ikolee. Barabarani hupati anasa hiyo. Unafika chini ya mlima na 1,400, unakanyaga, turbo inahitaji muda ianze kukolea, na ndani ya muda huo mlima umeshakula mwendo wako, mshale umeshuka 1,200, na sasa turbo haiamki tena. Dereva anakanyaga zaidi. Inakuja ile mitetemo.

La pili, nguvu ya kuvuta si kitu pekee kinachokupandisha mlima. Kinachokupandisha ni nguvu hiyo mara idadi ya mizunguko. Nyutoni mita 343 kwenye 1,400 zinatoa kilowati 50 hivi. Zile zile 343 kwenye 3,400 zinatoa 122. Gia ya chini inakupa mizunguko zaidi kwa mwendo ule ule wa gari, kwa hiyo injini inafanya kazi kubwa zaidi bila kubanwa.

Sasa twende kwenye hesabu ya gia. Hilux ya aina yako yenye gia tano, ikienda kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano, mshale hukaa kati ya 2,200 na 2,500 kutegemea tairi na difu. Chukua 2,400. Ukiteremka hesabu hiyo mpaka kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao mtu hupandia Isamilo au barabara ya kwenda Hospitali ya Bugando, gia ya tatu inakupa mizunguko kama 1,200 na gia ya pili inakupa 2,000. Rudia kusoma hapo. Ile "kunguruma" inayokutisha kwenye gia ya pili ni 2,000 tu. Haijafika hata nusu ya uwezo wake, kwani eneo jekundu kwenye dashibodi yako linaanza juu ya 4,000. Sikio lako limezoea Corolla, ambayo kwenye 2,000 huisikii kabisa. Dizeli ina sauti nzito kwa asili, mlipuko wake ni mkali, na sauti yenyewe haimaanishi maumivu.

Namba zako halisi zitatofautiana kidogo na zangu, kwa hiyo zitafute mwenyewe. Nenda barabara ya Musoma asubuhi, ukishapita Kisesa pakiwa kweupe na hakuna gari nyuma. Injini iwe imepata moto. Weka gia ya tatu, acha mwendo ushuke mpaka mshale usome 1,200, kisha kanyaga nusu ya pedali, usiongeze wala kupunguza, utazame mshale. Utaona unapanda kwa uvivu: 1,300, 1,400, 1,500. Halafu mahali fulani, mara nyingi kati ya 1,600 na 1,900, utahisi mgongo unaegemea kiti na mshale unaanza kukimbia, na ukifungua dirisha utasikia mluzi mwembamba chini ya boneti. Hapo turbo imeamka. Ishike namba hiyo. Rudia siku umebeba mzigo uone kama imesogea. Kuanzia hapo kanuni yako ni moja: chini ya namba hiyo mguu uwe mwepesi, na ukitaka kukanyaga kwa nguvu, kwanza shusha gia mshale uvuke namba hiyo.

Neno "kwanza" lina uzito wake. Madereva wengi hupangua gia wakiwa wameshazidiwa, katikati ya mlima, gari limebaki kilomita 15 kwa saa, bodaboda zinapita kulia na kushoto. Mtu anakanyaga klachi, gari linasimama kabla gia haijaingia, anaishia kwenye gia ya kwanza na klachi inanuka. Mlima wa Mwanza unauona mapema, miamba yetu haijifichi. Pangua ukiwa bado tambarare au mita chache tu umeanza kupanda, mwendo bado upo. Unaachia mafuta, klachi chini, gia inatoka ya tatu kwenda ya pili, mguu wa kulia unagusa mafuta kidogo tu ili injini ipande na kulingana na mwendo wa gari, halafu unaachia klachi kwa utulivu. Ukiifanya vizuri abiria hatikisiki. Gari linaingia mlimani likiwa na 2,200 au 2,400, turbo iko macho, na utashangaa kuona unapanda na nusu pedali pale ulipokuwa unakanyaga yote.

Sasa kwa nini nakazania hivi? Ukilazimisha injini ya dizeli kwenye mizunguko midogo, madhara yake huyaoni leo. Mfikirie mpanda baiskeli aliyebeba gunia la mkaa akianza mlima: kila pedali inashuka polepole, uzito wote uko kwenye goti moja, na goti linatetemeka. Ndani ya injini, goti hilo ni beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Mlipuko unasukuma pistoni kwa nguvu kubwa, pistoni haikimbii, na shinikizo linakaa juu ya beringi kwa muda mrefu zaidi. Wakati huo huo pampu ya oili inazungushwa na injini hiyo hiyo, kwa hiyo shinikizo la oili liko chini pale linapohitajika juu. Utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma unakonda. Fanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni, na mzigo juu, uone kama injini haitanoki mapema.

Kuna flaiwili pia, lile gurudumu zito nyuma ya injini. Magari mengi ya dizeli ya sasa yana flaiwili ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa springi, kazi yake kumeza mitetemo isifike kwenye gia boksi. Ile mitetemo unayoisikia mpaka kwenye mti wa gia ni hizo springi zinapigwa hadi mwisho wake. Kuibadilisha si pesa ya kuchezea.

Na joto. Dizeli haifanani na petroli hapa: kadiri dizeli inavyozidi ikilinganishwa na hewa, ndivyo moshi wa ekzosi unavyokuwa wa moto zaidi. Moshi mweusi unaouona kwenye kioo cha pembeni ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia. Kompyuta ya gari lako hujitahidi kupunguza dizeli ili moshi usizidi, ndiyo sababu nyingine ya gari kuwa zito, lakini masizi yanayobaki hujazana kwenye vali ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) na njia za hewa, halafu yanafanya tatizo kuwa baya zaidi. Pampu ya maji na feni ya rejeta nazo zinazunguka polepole kwa sababu injini inazunguka polepole. Nimeona madereva wanaopanda na gia kubwa "ili injini isichemke", na mshale wa joto unazidi kupanda. Wakipangua gia moja tu, mwendo ule ule, unarudi chini.

Shemeji yako naye ana mpaka wake. Dizeli inataka kukanyagwa, ndiyo, ila si mpaka mwisho wa saa ya mizunguko. Injini yako hutoa nguvu yake ya juu kwenye 3,600. Kwenye 4,000 mzunguko mmoja mzima unachukua milisekunde 15 tu, na dizeli, inayopulizwa mwisho kabisa pistoni ikiwa imeshabana hewa, haipati muda wa kuchanganyika na kuungua yote. Ukivuka 3,500 unanunua kelele na msuguano. Kupita gari barabara ya Shinyanga, vuta gia ya tatu au ya nne mpaka kama 3,300, pandisha, endelea.

Tambarare ndipo fundi wako anapopatia. Ukishapita Usagara kuelekea Misungwi, barabara imenyooka, gari limeshika mwendo, gia ya tano kwenye kilomita 80 inakupa kama 1,900, na hapo ndipo dizeli inakula vizuri kuliko kwingine kote. Kubaki gia ya nne kwenye 2,300 bila sababu ni kuchoma pesa. Penye vibao vya 50 vijijini hesabu ni hii: gia ya nne ni 1,430 hivi, inafaa kama gari ni jepesi na unaelea tu, gia ya tatu ni 2,050, hiyo ndiyo ya gari lenye mzigo au penye kamwinuko. Gia ya tano kwenye 50 ni 1,200, usiiguse. Baada ya tuta usianze na gia uliyoingilia, pangua hadi ya pili, vuta mpaka 2,200 au 2,500, kisha tatu. Ukiwa na mzigo, pandisha gia kwa namna ambayo gia mpya itakuacha juu ya namba yako ya turbo, usianguke chini yake. Kutoka ya pili kwenda ya tatu mshale unashuka kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo ukitaka kufikia 1,700 kwenye tatu lazima uondoke kwenye pili ukiwa karibu 2,700. Kwenye mwinuko ongeza. Gari tupu tambarare, 2,000 inatosha.

Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, tangu lifunguliwe Juni 2025, limewaondolea watu wa Geita foleni ya kivuko, na ni kilomita tatu za lami safi. Hapo mwendo si tatizo, ila upepo wa ziwa ukikupiga usoni na turubai limefungwa vibaya, ni sawa na mlima mdogo. Ukihisi mguu unazidi kushuka huku mwendo hauongezeki, nenda gia ya nne.

Mteremko sasa, na hapa sina upole. Nyutro ni hatari, na wala haikuokolei dizeli. Gari likiwa kwenye gia, ukaachia mafuta kabisa, dizeli inakatwa: nozeli hazipulizi kitu mpaka mshale ukaribie mzunguko wa chini kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hiyo inakunywa dizeli muda wote wa kushuka. Anayeshuka kwenye gia hatumii kitu, anayeshuka nyutro anatumia, na breki zake zinabeba tani nzima peke yake mpaka zinachemka na pedali inakuwa laini. Wapo hata wanaozima injini kabisa. Msaada wa breki kwenye gari lako unategemea pampu ya upepo inayozungushwa na injini, na usukani nao unategemea injini. Ukizima, unabaki na breki mbili tatu za nguvu, baada ya hapo unakanyaga ubao.

Zingatia pia kwamba dizeli hushika gari kidogo kuliko petroli. Corolla yako ukiachia mafuta, mlango wa hewa unafunga, pistoni zinavuta dhidi ya mlango uliofungwa na gari linajizuia. Dizeli hewa yake inaingia bila kizuizi, kwa hiyo ushikaji wake ni hafifu kwenye gia ile ile. Shuka na gia uliyopandia, na ukiwa umebeba, moja chini yake. Mshale ukisimama 3,000 mguu hauko kwenye mafuta, uache: hakuna dizeli inayoungua, hakuna mlipuko. Chagua gia kabla hujaanza kushuka.

Sasa onyo moja zito. Kwenye kupangua, kuna mtu aliyekuwa na gia ya tano akataka ya nne, mkono ukaenda ya pili. Kwa hesabu yetu ile ile, gia ya pili kwenye kilomita 100 ni mizunguko zaidi ya 6,600. Kompyuta haiwezi kuzuia hilo, kwa sababu si dizeli inayoizungusha injini bali magurudumu. Vali zinagonga pistoni, biashara imekwisha. Ukipangua kwenye mwendo mkubwa mkono uwe mlegevu, na ukihisi gari linajivuta ghafla wakati unaachia klachi, ikanyage tena papo hapo.

Kwa wenye Prado au Surf za gia za kujibadilisha zenyewe, kanuni haibadiliki ila mkono unafanya kazi kidogo. Mlimani na mteremkoni zima ile swichi ya O/D (inayoruhusu gia ya juu kabisa), na kama mlima ni mkali sogeza mti hadi 2 au L. Ukiiachia D peke yake itakuwa inapandisha na kushusha gia bila kutulia na gia boksi inapata moto.

Asubuhi usikae dakika kumi ukiunguruma nyumbani, dizeli haipati moto hivyo. Washa, subiri oili ifike, ondoka taratibu usivuke 2,000 na kitu mpaka mshale wa joto upande. Ukifika kwako baada ya kupanda na mzigo, usizime papo hapo: iache dakika moja au mbili inguruma chini, turbo ipoe ikiwa bado inapata oili. Ukizima turbo ikiwa ya moto, oili iliyobaki ndani yake inaungua na kuwa kaa. Kama kilomita za mwisho ulikuwa unatambaa kwenye foleni ya Mkuyuni, imeshapoa, zima tu.

Jaribu hivi kwa safari zako za wiki mbili. Ukiona bado unatoa moshi mweusi mzito hata ukiwa gia ya pili, mshale 2,200, turbo inapiga mluzi, basi tatizo si gia tena. Nenda kwa fundi, na usimwambie tu "gari linatoa moshi". Mwambie unaanzia mizunguko mingapi, gia ya ngapi, umebeba kiasi gani, na kama nguvu imepungua au iko vilevile. Aanze na chujio la hewa, maana vumbi la njia za huku linaliziba upesi, kisha mipira ya hewa kati ya turbo na injini kama imepasuka au klipu imelegea, halafu EGR, na nozeli ziwe za mwisho kwa sababu ndizo za gharama. Mpira uliopasuka mara nyingi unajitangaza: utausikia ukipumua kwa nguvu unapokanyaga, na kuzunguka ufa wake utakuta oili na vumbi vimeshikana.